Tela la Safari: Jepesi Njiani au Pana Kambini?

Kutoka daftari la katibu, Musoma



Ndugu msomaji, aliyezoea kukuta katika safu hii habari za madrasa, mirathi na malezi ataniwia radhi. Wiki hii nitazungumza juu ya matairi, chuma na turubai. Jambo lenyewe, hata hivyo, halikuanzia gereji. Lilianzia jikoni kwa mama mmoja mjane, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Butiama.

Kila mwezi kamati ya msikiti wetu hapa Musoma hupeleka walimu wawili vijijini, mwezi huu upande wa Butiama, mwezi unaofuata upande wa Bunda. Mmoja wao hufuatana na mkewe, ambaye ndiye anayewasomesha akina mama, pamoja na watoto wao wawili wadogo. Hukaa siku tatu, wakati mwingine nne. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukilala majumbani mwa waumini, na hatukuwahi kupokewa kwa uso uliokunjamana. Kuku walichinjwa, maji ya kuoga yalipashwa moto, na vitanda vilitandikwa shuka safi.

Mwaka jana, alfajiri ya siku ya tatu, mke wa mwalimu alitoka kutafuta maji ya udhu. Alipoingia jikoni alimkuta mwenyeji wetu, bibi mtu mzima, amelala chini juu ya gunia, ubavuni mwa mafiga, na wajukuu zake watatu wamejikunja pembeni yake. Kitanda cha nyumba ile kilikuwa kimoja, na chandarua kilikuwa kimoja. Vyote viwili tulikuwa tumevichukua sisi, na ule ulikuwa msimu wa mbu. Bibi yule hakuwa amesema neno lolote kwa usiku tatu.

Tuliporudi mjini, mama huyu mwalimu alileta ujumbe kwenye kamati kupitia kwa mumewe, nami nikauandika katika kumbukumbu za kikao kama ulivyokuja: hatakwenda tena kijijini ikiwa atalala juu ya kitanda cha mtu anayelala sakafuni. Kila mjumbe alielewa uzito wa maneno hayo. Bila yeye, darsa la akina mama lingekufa.

Ndipo likazuka wazo la tela la kulala, yaani chumba cha matairi kinachokokotwa na gari, ambacho wengine hukiita karavani.

Mabishano ya kamati

Ndugu yetu mmoja anayefanya kazi Muscat alisikia habari hizi akaahidi mchango mkubwa. Alitutumia picha za karavani nyeupe ya ekseli mbili, yenye vitanda sita, jiko, choo, na ukuta unaovutwa nje kama droo ili sebule ipanuke. Picha zile zilizunguka katika simu zetu tangu Magharibi hadi Isha. Mimi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Nilisema, na imeandikwa, kwamba mwalimu anastahiki nyumba wala si kibanda.

Mzee mmoja wa kamati, aliyeendesha malori kwa zaidi ya miaka thelathini, alipinga. Alituuliza swali moja tu: "Mnanunua nyumba ya kukaa, au nyumba ya kufika?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala hii. Kila tela la safari ni mapatano baina ya mambo mawili yanayovutana. Ukitaka nafasi ya kuishi, unaongeza urefu, kimo na uzito. Ukitaka wepesi wa kukokota, unapunguza vyote vitatu. Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema ya makazi ya kudumu, kisha neema ya mahema ya ngozi, na sifa inayotajwa ya mahema hayo ni wepesi wake, msafiri anapoondoka na anapotua. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo chuoni mara nyingi. Sikuwahi kuisoma nikifikiria kiungo cha tela.

Aina za matela

Tuzitazame aina zenyewe, ndugu msomaji, kwani huenda nawe una familia kubwa na safari za mara kwa mara.

Ya kwanza ni tela la hema. Hili ni sanduku la chuma la kawaida, kama la kubebea mizigo, ambalo juu yake limekunjwa hema. Ukifika unalikunjua. Ni jepesi, ni fupi kwa kimo, upepo hauligusi sana, na gari dogo linalivuta. Kasoro yake huonekana mvua inaponyesha wakati wa kutua: unakunjua hema huku godoro linalowa. Sitara yake pia ni ya turubai tu, na sauti za ndani husikika nje.

Ya pili ni tela la umbo la tone la maji, la mviringo mbele na lililochongoka nyuma. Hulaza watu wawili, na jiko lake hufunguliwa kwa nyuma. Hukokoteka vizuri sana, lakini ndani yake mtu hawezi kusimama. Humfaa mtu na mkewe, halifai familia.

Ya tatu ni chumba kigumu cha ekseli moja, na ya nne ni nyumba ndefu ya ekseli mbili, kama ile ya kwenye picha za Muscat. Ekseli mbili zina fadhila zake. Kwenye lami hutulia zaidi, na tairi moja likipasuka jingine hubeba mzigo. Lakini katika kona kali matairi yake husuguana na ardhi kwa sababu hayawezi kugeuka pamoja, na kulisukuma kwa mikono ndani ya ua wa mtu ni kazi isiyowezekana. La ekseli moja hugeuka kwa urahisi, na watu wanne hulizungusha.

Ya tano huunganishwa juu ya bodi ya pikapu badala ya nyuma ya bampa. Uzito wake wa mbele hukaa karibu na ekseli ya gari, hivyo haliyumbi ovyo. Lakini linakula bodi yote ya pikapu, nasi pikapu yetu ndiyo inayobeba vitabu na mahindi ya wenyeji.

Ya sita ni ya paa la kuinuka. Njiani kuta zake ni fupi. Ukifika unainua paa, na turubai inaziba nafasi iliyobaki. Hii iko katikati ya hema na nyumba.

Habari ya matela haya Afrika si ngeni. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 ya alumini kutoka Cape Town, ukapita Kenya na Ethiopia, na mwaka 1960 ukafika Cairo. Matela yale yalikuwa na umbo la mviringo kama yai, na umbo hilo halikuwa la urembo tu. Nguvu ya upepo huongezeka kwa kasi kuliko mwendo wenyewe: ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, upepo unaokupinga unakuwa mara nne, si mara mbili. Tela la mraba lenye kuta ndefu linaukabili upepo huo kwa kifua wazi. Anayeijua barabara yetu siku ziwa linapovuma ataelewa.

Kosa langu

Kabla ya kununua chochote tuliamua kufanya jaribio. Mkandarasi mmoja wa barabara alituazima tela la kulaza mafundi wake, la ekseli mbili, zima na lenye breki. Gari lilikuwa Land Cruiser ya mjumbe mmoja, na dereva alikuwa yule mzee wa malori. Mwalimu, mkewe na watoto walikaa garini pamoja nami. Ndani ya tela hakuwemo mtu, na hiyo ni kanuni ya kwanza ambayo msomaji asiivunje hata kwa mwendo wa dakika tano: tela likiwa njiani, halipakii binadamu.

Mizigo niliipanga mimi. Pipa la maji la lita 200 nililiweka nyuma kabisa karibu na mlango, ili kuteka kuwe rahisi. Kando yake nikaweka masanduku ya vitabu, jiko la gesi na mtungi wake. Nilijiona mpangaji hodari.

Tulipita Makutano vizuri, tukakata kuelekea Butiama. Kwenye mteremko mmoja mkia ukaanza kucheza. Kwanza kidogo, kama mtu anayetikisa kichwa. Kisha tela likatupa kulia, likatupa kushoto, na kila mara likazidi, mpaka tukasikia matairi ya nyuma ya gari yanaburutwa upande. Mtoto mdogo alianza kulia. Mama yake alimfunika kifuani, nami nikaanza kutamka shahada.

Mzee hakukanyaga breki wala hakupigana na usukani. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani umenyooka, akaacha mwendo upungue wenyewe. Mtikisiko ukapungua, ukakoma. Alisimamisha gari pembeni, akashuka, akafungua mlango wa tela, akalionyesha pipa kwa kidole. Hakusema kitu, na wala sikuhitaji maelezo.

Tulimwaga maji mpaka likabaki robo, tukalisogeza pipa mbele kidogo ya ekseli. Tela lile lile, barabara ile ile, likafuata gari kwa utulivu.

Balaa la pili lilitungoja baada ya kuacha lami. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo wetu mweusi wa mbugani mnaujua. Matairi manne ya tela yalijaa tope yakawa kama magurudumu ya mawe. Jozi nne za ng'ombe wa plau ndizo zilizotutoa, mbele ya kijiji kizima. Mzee mwenye ng'ombe alilizunguka tela, akachungulia dirishani, akaona vitanda sita, sinki na kabati. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huko mlikotoka mmefukuzwa?"

Uzito na mahali pake

Niliyojifunza siku ile, na niliyoyauliza kwa mafundi wa kuchomelea baada yake, ni haya.

Uzito wa tela ni jambo moja, na mahali uzito ulipo ni jambo jingine. Kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela lililopakiwa inafaa ikandamize kiungo cha gari. Tela la kilo 900 liweke takriban kilo 90 juu ya kiungo. Ukipungua mno, mkia ndio unaotawala na tela linayumba. Ukizidi mno, gari linainama nyuma na matairi ya mbele yanakosa kushika barabara. Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Vyepesi kama magodoro na nguo ndivyo viende nyuma.

Kupima hakuhitaji mtambo. Sisi tulitumia mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia pamba ambayo kila mtu wa Bunda anaijua. Tuliifunga kwenye tawi nene la mwembe, tukaninginiza ncha ya tela likiwa limepakiwa, tukasoma.

Maji ndiyo mzigo unaodanganya kuliko yote, kwa sababu lita moja ni kilo moja. Pipa langu lilikuwa sawa na watu watatu wazima wamesimama mkiani. Na lilikuwa la nini? Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kinachokaribia robo tatu ya lita. Watu wanne wazima wakitawadha kwa kipimo hicho mara tano kwa siku, hawafiki lita 15. Madumu mawili ya lita 20 yanawatosha udhu wa zaidi ya siku mbili, na kisima cha kijiji kipo. Israfu yetu ya maji ilikuwa karibu itutupe korongoni.

Kuhusu breki, watengenezaji wengi wa magari huweka kilo 750 kuwa mwisho wa tela lisilo na breki zake. Zaidi ya hapo, tela liwe na breki zinazojikaza lenyewe linapousukuma mgongo wa gari. Soma kitabu cha gari lako ujue linaruhusiwa kuvuta kiasi gani, na hesabu uzito wa tela likiwa na mizigo, si likiwa tupu. Mnyororo wa usalama usikosekane, taa za breki na za kukatia kona ziwake, na tela lisajiliwe kwa namba yake.

Jambo la mwisho ni la vijijini hasa. Upana baina ya matairi ya tela uwe sawa na wa gari, ili matairi ya tela yapite katika mkondo uliokwisha kukanyagwa. Ringi na matairi yawe ya aina moja na ya gari, ili tairi moja la akiba lifae pande zote mbili.

Nafasi si upana peke yake

Baada ya jaribio lile nilisimama kwenye kikao nikaondoa pendekezo langu. Nakiri haikuwa rahisi, maana picha za Muscat bado zilikuwa zikipendeza. Kamati ikaafikiana tela litengenezwe hapa hapa, la ekseli moja, la paa la kuinuka, na lenye turubai pana la ubavuni.

Tulipohesabu mahitaji halisi tuligundua kwamba sebule, choo na sinki vilikuwa mahitaji ya picha. Watu wetu hushinda nje. Kinachotakiwa ndani ni kitanda cha mwalimu, mkewe na watoto, pazia zito, vyandarua, na mahali pa kusimama mtu mzima anapovaa. Paa likiinuliwa, hata mwalimu wetu ambaye ni mrefu husimama wima. Mwalimu wa pili na dereva hulala chini ya turubai, kwenye vitanda vya kukunja. Mchana turubai lile lile ndilo darasa la akina mama.

Hata kibla kiliingia katika ramani ya fundi. Huku kwetu kibla ki upande wa kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Tukiegesha ubavu wenye turubai ukatazama huko, safu inapangika sambamba na tela, na hakuna anayesali huku akitazama matairi.

Ilibaki amana ya watu. Ndugu yetu wa Muscat alitoa fedha kwa ajili ya karavani ya ekseli mbili, na fedha iliyotolewa kwa kusudi moja haibadilishwi kusudi bila idhini ya mwenyewe. Nilimwandikia nikamweleza yote, pamoja na habari ya pipa. Akajibu kwamba huko aliko barabara za jangwani zimenyooka na ni kavu, hakuwa amefikiria udongo mweusi, ingawa yeye mwenyewe amezaliwa Bunda. Akaridhia, na akataka fedha itakayobaki inunue magodoro na vyandarua kwa nyumba zilizotulaza miaka yote hiyo.

Kwa bibi tena

Mwezi uliopita tulikwenda, alhamdulillah. Tela lilifuata gari kama mbuzi anayefuata majani. Kwenye kinamasi kile kile tulipita bila ng'ombe, na mzee wa ng'ombe alitupungia mkono, nadhani kwa masikitiko.

Tulitua kwenye ua wa yule bibi, tukainua paa, tukakunjua turubai. Nilitarajia afurahi. Alisimama mlangoni mwake akatutazama kwa muda mrefu, kisha akaniita pembeni.

"Mwanangu," akaniuliza, "kitanda changu kina kunguni?"

Nilikosa jibu. Tulikuwa tumepima ncha ya tela, maji na upepo, lakini hatukuwa tumempelekea mama huyu hata salamu ya kumweleza kwa nini safari hii hatutalala kwake. Kwetu sisi lilikuwa jambo la kumpunguzia mzigo. Kwake yeye, wageni wake walikuwa wamekuja na nyumba yao wakaipiga mbele ya nyumba yake.

Aliyetuokoa ni mke wa mwalimu. Aliingia ndani kwa bibi bila kubisha, akaketi juu ya kitanda, akaomba uji. Wakazungumza mpaka Isha. Ikakubaliwa kwamba chakula cha usiku kitaliwa kwa bibi kila siku, unga na mafuta vikitoka kwetu. Bibi naye akaweka sharti lake: usiku wa pili alale yeye na wajukuu ndani ya tela, aone tunachokikimbilia. Basi usiku wa pili mwalimu, mkewe na watoto wakalala tena kwenye kitanda kile kile, safari hii kwa amri ya mwenye nyumba, na jikoni hapakulala mtu.

Asubuhi nilimuuliza ameonaje. Alisema paa ni zuri, chandarua ni kizuri, lakini godoro ni jembamba, na fundi aambiwe.

Fundi ameambiwa. Wasomaji wa Bunda wajiandae, zamu yenu ni mwezi ujao inshaallah, na safari hii salamu zitatangulia kabla ya tela.

Wabillahi tawfiiq.